Miwani ya Njano

Kwako kaka Wendelin,

Huku kwetu Tirol tu wazima. Ng'ombe wa jirani Ignaz amezaa mapacha, na mama anasema unyoe ndevu kabla hujaja.

Umeuliza ununue miwani ipi ya kutelezea thelujini Pasaka. Umesahau? Jua kali, kioo cheusi. Ukungu, kioo cha njano, kinachokuonyesha matuta hata theluji na mbingu zikiwa rangi moja.

Baba bado anasimama mlangoni mwa duka letu la miwani kila asubuhi, anautazama mlima, ndipo anawachagulia watu miwani. Hapa hakuna anayembishia. Wiki hii wote kawapa ya njano. Jana Ignaz alirudi kutoka mlimani macho mekundu, machozi yanamtiririka.

"Mzee, umeamua kutupofusha? Jua lote lile?"

Watu wakacheka, na baba akacheka. Walipoondoka akaninong'oneza, "Burgi, mwanangu, ukungu wa mwaka huu mbona hauondoki?"

Daktari wa Innsbruck alishanivuta pembeni: macho ya baba hayana dawa tena. Baba mwenyewe nimemwambia ukungu utaondoka tu.

Kwa hiyo usinunue kitu. Ukija, hata jua liwake vipi, vaa ya njano atakayokupa.

Dada yako,
Burgi