Wifi Fauzia na Kabureta Iliyogoma

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nesi leo hakuzungusha maneno. Mtoto wa kwanza nilimzaa kwa upasuaji, kwa hiyo huyu nisimsubirie hapa Ruponda. Nihamie Nachingwea mjini, karibu na hospitali, kabla uchungu haujaanza. Na bodaboda, marufuku!

Sawa. Nitaendaje? Magari ya huku yote yamejaa korosho. Mume wangu Rahimu yuko Mtwara anapaua nyumba za watu, simu yake inapatikana mara moja moja. Limebaki pikapu la baba mkwe, la zamani, la kabureta. Linawaka, linakohoa, linazima.

Baba mkwe, Mzee Sadiki, kampigia binti yake aliye Ruangwa. Fauzia! Fundi cherehani. Anakuja kushona gari?

Jumanne, 5 Novemba

Kaja. Tangu harusi yangu namwogopa huyu wifi. Mkimya, macho makali. Nilidhani anaringa.

Hata chai hakumaliza. Kavaa suruali ya kaka yake, kajifunga kitambaa kichwani, kafunua boneti. Baba mkwe anasema utotoni alikuwa hamwachi, kila akilala chini ya gari binti naye yuko pembeni na spana. Mimi nikaambiwa nikae upande wa jikoni, nisivute harufu ya petroli.

Kabla ya adhuhuri kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa juu ya mkeka. Kitu kidogo! Na ndicho kinachonizuia kufika hospitali.

Jumatano, 6 Novemba

Skrubu za mfuniko zimetoka, moja kwa shida. Ndani uchafu mtupu, petroli imegeuka gundi. Akanionyesha kwa mbali jeti – kijiskrubu cha shaba chenye kitundu chembamba kama cha sindano. Petroli yote ya injini inapita hapo. Kimeziba, na hakitoki. Kuna mtu aliwahi kukilazimisha kwa bisibisi isiyo saizi yake, mfereji wake wa kichwani umelika.

Baba mkwe akaleta nyundo na patasi. Nikajua hapa patazuka ugomvi. Fauzia akaipokea nyundo kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaiweka nyuma yake.

"Baba, shaba hii laini. Ikikatikia humo ndani, Zulfa anabaki hapa."

Mzee akairudisha patasi ndani. Kumbe muda wote huo ananiwaza mimi.

Akatia mafuta ya kulegeza kutu, akakiacha kilowe. Halafu akakaa kivulini na tupa, anasugua ncha ya bisibisi. Anasugua, anapima, anasugua tena. Mchana kutwa! Mimi ningekuwa nimeshalia.

Alhamisi, 7 Novemba

Hakikutoka. Kaongeza mafuta. Tumbo linakaza na kuachia. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 8 Novemba

Kimetoka! Kimetoka!

Baba mkwe alikuwa msikitini. Fauzia kaja jikoni, kaikausha kabureta vizuri, hakuna hata tone la petroli, kaniomba maji yanayochemka. Nikampa ya sufuria yangu ya pilau, potelea mbali. Akayamwaga juu ya chuma. Eti chuma kikipata moto kinatanuka, kinalegeza mshiko. Kisha ile bisibisi aliyoichonga ikakaa kwenye mfereji kama imezaliwa humo. Nikadhani atafungua. Hapana – kwanza akakaza! Kidogo sana. Halafu akalegeza kidogo. Akakaza tena. Jasho linamdondoka puani, mkono umetulia.

Kikalia kwii. Nikapiga vigelegele peke yangu, mtoto akanipiga teke.

Fauzia akakipuliza, akakielekeza juani, akafunga jicho moja. Akanipa na mimi nione. Tundu safi, na mwanga ndani yake.

Ndipo akacheka. Miaka yote hii sijawahi kumwona akicheka! Nikamuuliza subira hii kaitoa wapi. Akasema hana subira hata chembe, ana woga. Alimzika rafiki yake aliyejifungulia njiani, huko Nambilanje, wakisubiri usafiri. Akasema hivyo tu, akarudi kwenye mkeka.

Nimelia nikiosha sufuria.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo ilikuwa zamu ya floti, kiboya kinachopima petroli ndani ya kabureta. Kipini chake kimeshikwa na kutu. Kakisukuma na msumari uliofanywa butu, pole pole, kikatoka kizima. Nimeacha kushangaa, sasa natazama tu kama natazama mpira.

Jioni karudishia kila kitu. Gari likawaka! Linavuta vizuri, moshi safi. Baba mkwe kalizunguka mara mbili, kisha kamshika binti yake bega.

Ila ukiachia pedeli ya mafuta linazima. Imebaki skrubu ya hewa, ile inayolifanya lingurume bila kukanyagwa, nayo imeganda. Fauzia kailowesha mafuta. Kesho aitoe, Jumatatu twende.

Jumapili, 10 Novemba

Hakuna Jumatatu! Uchungu umeanza asubuhi, nikipepeta mchele. Nilipomwambia Fauzia alikuwa na bisibisi mkononi. Skrubu haijasogea hata unywele. Kafunga boneti, kanawa, kawasha.

Kabegi kangu kako garini. Baba mkwe yuko mbele barabarani anafukuza mbuzi wa watu, maana gari hili lisisimame kabisa mpaka mjini. Nimesimama mlangoni naandika, nasubiri maumivu haya yapite nipande. Fauzia yuko kwenye usukani, pedeli kaikanyaga, gari zima linatetemeka. Katandika khanga yake kwenye kiti changu.

Nimemuuliza, je ukichoka mguu? Milima ile ya njiani, na mashimo, je ukiachia?

Kanitazama kwa macho yale yale makali.

"Siachii. Panda, mdogo wangu."

Napanda.