Sentensi Niliyokuficha Walipoziba Mshipa Wako

Mama mpendwa,

Mpaka leo nikiona mahindi yameanikwa kwenye turubai, nazunguka nisipite karibu. Asubuhi ile nyumbani Chepsaita ulikuwa umepiga magoti ukiyageuza kwa mikono. Ukakohoa mara moja, na damu ikaruka juu ya punje. Haikuwa matone. Ilijaa kiganja kimoja, ikajaa cha pili. Nilitoka jikoni mbio nikakukuta unaokota punje zilizochafuka, moja moja, unaziweka kando.

"Mama, achana na mahindi."

"Haya yataliwa na watu," ukasema, ukakohoa tena.

Ndugu yangu Kiprono akaleta gari hadi mlangoni. Njia nzima hadi Eldoret nilikushikia beseni, na sikutaka kuangalia limejaa kiasi gani.

Hospitalini walikupiga picha, wakasema ni kovu la kile kifua kikuu ulichotibiwa nikiwa darasa la tano. Ugonjwa uliisha, lakini mishipa ya damu ilimea pale kwenye kovu ikanenepa, na sasa mmoja ulikuwa umepasuka. Wakakulaza kwa ubavu wa kulia, upande uliokuwa ukivuja, ili damu isiingie kwenye pafu la pili.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Kile Kiswahili chako cha sokoni kilikuwa kimekukimbia kwa hofu; ulijibu Kinandi tu, naye Kinandi hakijui. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa masikio yako na mdomo wako.

Alisema hawatakupasua. Watatoboa kitundu kidogo kwenye kinena, wapitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi kifuani wakiufuata kwenye skrini, kisha waachilie chembe ndogo kama mchanga zizibe pale panapovuja. Hayo nikakufasiria. Akasema utakuwa macho, na ukiambiwa usipumue, usipumue, na usikohoe. Hayo pia nikakufasiria.

Halafu akasema, "Mwambie kuna hatari, ni ndogo lakini ipo. Mshipa unaolisha uti wa mgongo wakati mwingine huanzia hapo karibu. Chembe zikiingia huko, miguu inaweza kupooza."

Nikakutazama. Nikamkumbuka jirani yetu aliyelala kitandani miaka mingi bila kuinuka, na jinsi ulivyorudi siku moja kutoka kumwosha ukaniambia, "Mimi heri nife nikiwa natembea." Nilijua ungejibu nini. Na beseni lilikuwa linajaa tena.

"Ni hayo tu?" ukauliza.

"Ni hayo tu, Mama."

Ukabonyeza kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali matibabu. Daktari akanishukuru kwa kukueleza vizuri.

Wakanivisha aproni nzito ya kukinga mionzi, nikasimama karibu na kichwa chako.

"Mwambie asipumue." Nikakuambia, ukaacha. "Apumue." Ukapumua, nami nikakumbuka kupumua. Kisha nikaona kikohozi kinakupanda shingoni. Nikakushika taya. "Meza, Mama. Usikohoe. Meza." Ukameza, machozi yakateremka hadi masikioni.

Wakaingiza dawa ya kuonyesha mishipa. Ukasema polepole, "Miguu yangu inawaka moto."

Nikageuka kuitazama miguu yako chini ya shuka.

"Anasema nini?" daktari akauliza. "Mama anasema nini?"

Nikamwambia. Mkono wake ukasimama pale pale. "Mwambie achezeshe vidole vya miguu."

Nikakuambia. Shuka halikusogea. Nikakuambia tena, na sijui kama nilikuwa nasema au naomba. Kidole gumba cha kushoto kikainua shuka, kisha cha kulia. Daktari akasema ni joto la ile dawa, wengi hulisikia. Lakini aliitazama skrini kwa muda mrefu, akausogeza mrija mbele zaidi, ndipo akaachilia chembe. Ule mshipa mweusi uliojikunja ukafifia, mpaka usionekane tena.

Siku ya tatu ulienda msalani mwenyewe ukikataa mkono wangu. Damu haikurudi. Ulilima miaka miwili zaidi. Na kanisani ukawa unawaambia kina mama, "Waliniziba ndani kwa ndani bila kisu, na binti yangu alikuwa ananieleza kila kitu." Kila kitu. Mimi nilikuwa naangalia chini.

Mara ngapi nilitaka kukuambia. Tukipukuchua mahindi, tukingoja maziwa yachemke. Nikawa nasema kesho. Mwaka huu moyo wako ukasimama ukiwa umekaa kwenye kiti chako, na kesho zikaisha.

Watu husema nilikuokoa, na wewe uliifurahia ile miaka, niliona. Lakini miguu ilikuwa yako, na jibu lilikuwa lako. Nililinyakua kabla hujalitoa. Najiambia kwamba ningerudishwa pale kitandani ningekuambia yote, kisha nipige magoti nikuombe ukubali. Halafu najiuliza: na kama ungekataa, ningemfasiria daktari jibu lako jinsi lilivyo?

Sijui, Mama. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka sasa.

Nisamehe kama inawezekana huko uliko. Pumzika.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Chebet