Kano Aliyoikata Kocha

Gisenyi, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimeacha kukubana? Na yule jogoo wako mkorofi, bado anawafukuza wateja wa vitumbua? Mimi mzima, isipokuwa goti, na moyo ambao leo naufungua. Kwenye simu wenzangu wa kazini huwa karibu, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka niliumia goti nikiichezea timu ya hapa, nikapasuliwa. Daktari alichukua kano nyuma ya paja, akaipitisha gotini na kuikaza kwenye mfupa kwa skrubu. Kocha alikuwepo daktari alipotueleza:

"Kamba mupya iko nguvu, lakini pale tuliifunga ku mufupa haiyashika bado. Kisha mwili utailegeza kabla ya kuikomaza. Utasikia goti iko bien, kumbe ni wakati ule inaweza kukatika. Hakuna mupira mupaka mi niseme."

Kocha akaitikia kwa kichwa. Fainali ilipokaribia, akanifuata hotelini ninakofanya kazi.

"Unatembea muzuri, donc unaweza kucheza. Mule ndani iko chuma. Ukikataa, nafasi yako napatia mwingine."

Nikacheza, kule Rubona. Niligeuka kuufuata mpira, hakuna aliyenigusa, nikasikia kitu kikikatika ndani ya goti. Nikaanguka nikipiga mayowe. Yeye akawafokea wenzangu: "Mumutoe huyu, tunapoteza wakati!" Hospitali hakutia mguu. Nimepasuliwa tena, na kano ya safari hii imetolewa mguu wa pili. Sasa yote miwili inauma.

Nilimngoja aje kunipa pole, Mama. Juzijuzi nikasikia anamwandaa Furaha, kipa wetu, acheze, naye ndiyo kwanza katoka kupasuliwa goti. Nikaenda kwa magongo hadi kwenye kikao cha wazazi na viongozi wa timu. Nikasema maneno ya daktari, nikasema na ya kocha. Nikapandisha sketi wayaone makovu.

Baba yake Furaha akamgeukia. "Ni kweli docteur alikuambia?"

Kocha akasema tu kwamba nilikuwa natembea vizuri. Wakamfukuza palepale.

Wiki hii akaja hotelini, kwenye meza yangu ya mapokezi. "Dada Zawadi, pole. Uwaambie sikujua, nipate timu ingine."

"Ulijua. Ulisimama kando ya kitanda changu."

Akalia. Nilimtazama bila kupepesa macho, kisha nikamwita mgeni aliyekuwa nyuma yake. Mchana huo nilikula kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu nianguke.

Furaha ameambiwa asubiri, na anasubiri.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi muuza dagaa, mwambie kitenge alichoniagiza nimekipata. Mdogo wangu aache kuruka ukuta. Bibi najua ataniombea nisamehe. Mwambie namheshimu sana, ila ngazi za hapa kazini bado nazipanda kwa makalio.

Ni mimi, binti yako,
Zawadi