Rama Hakunisomea

Jumanne, Ukunda. Mvua imekatika asubuhi lakini joto liko pale pale, na mimi nimenuna tangu nilipoamka.

Wacha niseme tu: Rama amenisaliti.

Tunatengeneza programu pamoja, ya nyumba za wageni za kule Diani. Yeye yuko kwao Mwabungo, mimi niko huku. Desturi yetu ni moja. Nikiandika mimi, anasoma yeye kabla kazi haijaenda kwa mteja. Akiandika yeye, nasoma mimi. Na ndani ya msimbo, yale maandishi ya programu yenyewe, huwa kuna mistari ya maelezo ambayo kompyuta huiruka, ni ya macho ya binadamu tu. Sisi tumeigeuza baraza. Salamu, utani, nani kaoa, nani kaachwa, yote yamo humo.

Wiki iliyopita mama alilazwa hospitali ya Msambweni, kifua kimembana. Sehemu ya mgeni anayeghairi chumba niliiandikisha akili unde nikiwa kando ya kitanda chake. Sikuiamini. Nikaacha maneno humo humo: "Rama, salaam aleikum. Mama kalazwa, hali si nzuri. Hapa nimeandikiwa na mashine, sijui kama ni sawa. Nisomee kwa macho yako, na umuombee mama dua."

Jana jibu likaja. Kazi nzuri, likaanza. Kisha mapendekezo, la kwanza hadi la tatu. La tatu: "Futa maelezo kuhusu ugonjwa wa mzazi. Hayahusiani na utendaji wa programu." Chini yake jina la Rama, ameidhinisha.

Nililia pale pale wodini, sioni haya kusema.

Mwanzo nilidhani ana roho ngumu. Mtu aliyekula mkate wa sinia wa mama yangu! Kisha nikaitambua ile sauti, ni ya mashine; kumbe hakuwapo kabisa. Aliichukua kazi yangu, akaitia kwenye mashine, akabandika jibu lake bila kulitazama. Nimerudi kusoma majibu yake ya nyuma, tangu Ramadhani, na sauti ni ile ile. Zile sifa nilizokuwa nikimsomea mama kwa furaha hazikuwa zake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kitakuja na adabu na nambari.

Hata mimi naitumia mashine, kutwa kucha. Inanitafutia makosa, inaniandikia yale yanayochosha, kisha naketi nayasoma. Siilaumu. Haijawahi kula kwetu.

Nilimpigia simu jana hiyo hiyo.

"Da Mishi, wallahi sikuyaona yale maneno."

"Hukuyaona, au hukuyasoma?"



Leo nilipofika wodini mama alikuwa amekaa, anakunywa uji, alhamdulillahi. Swali lake la kwanza: "Rama hajambo? Kasikia naumwa?" Nikamwambia ndiyo, anakuombea. Nimemdanganya mama yangu mgonjwa kwa ajili ya mtu huyu.

Alasiri ujumbe wa Rama umeingia. Aya ndefu za kuomba radhi, kila kituo mahali pake, "naelewa uzito wa maumivu yako". Rama huyu ambaye kwenye simu hajawahi kuweka nukta maishani mwake! Nimeusoma, nimeurudia, na sijui ni nani anayeniomba msamaha.

Sijajibu. Kesho napanda tuktuk niende Mwabungo, aniambie pole kwa kinywa chake. Akibabaika, nitamsamehe.