Mstari wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mawingu, manyunyu, baridi. Nimewasha leza saa mbili kasoro robo. Vioo vya chemba ya kupimia gesi nimevifuta kwa asetoni, dawa ya kusafishia, na pamba mpya, kama kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Profesa kaingia anapiga mluzi! Ijumaa anawaeleza wakubwa juu ya mstari wa tatu—ule mnara mdogo kwenye grafu ya gesi yake, ambao duniani hakuna mwingine aliyewahi kuuona. Ndio anastaafu nao. Eti Mama Vioo—ndivyo anavyoniita—hata wewe umo humo.

Jumanne, 4 Machi
Jua kali. Asetoni imekwisha, bohari wanasema wiki ijayo. Nimefuta kwa pamba kavu. Profesa kaenda kwa fundi kujaribu suti, nikapima mwenyewe. Mstari wa kwanza upo. Wa pili upo. Wa tatu hamna.
Nimerudia mara nne. Hamna.

Jumatano, 5 Machi
Hali ya hewa sikuitazama. Nimeazima asetoni maabara ya jirani. Nikafuta vioo, nikafunga chemba tupu, bila gesi yoyote. Mstari wa tatu huo, umesimama wima!
Ni mimi. Ni mvuke wa asetoni yangu, si gesi yake. Utaratibu unasema vioo vikauke dakika ishirini. Mimi huvipa tano, maana Profesa hapendi kusubiri. Na chemba tupu huwa tunaipima jioni, vimeshakauka kitambo.
Nimefukua madaftari ya zamani. Mstari ulionekana mara ya kwanza wiki ya tatu tangu niajiriwe.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimemwambia dada kwa simu, kanijia juu: funga mdomo, mwache mzee wa watu aondoke na heshima yake, na wewe una watoto wa kusomesha.
Mchana nikamfuata Profesa. Nikafungua mdomo, machozi yakanitangulia. Akacheka—usinililie, Mama Vioo, nastaafu, sifi! Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka. Mjinga mimi.
Halafu akasema kesho saa tatu wageni watauona mstari kwa macho yao, leza ikiwaka. Nifute vioo kama ninavyojua mwenyewe.
Chupa ya kuazima imo kwenye mkoba. Nimetega kengele ya simu dakika kumi na tano mapema zaidi, vioo vipate kukauka. Nikairudisha kengele kwenye saa yake ya kila siku. Nikaitega tena.
Italia saa kumi na dakika tano alfajiri. Nalala.