Jumatano na Jumamosi

Kabula, shosti,

Una miezi minne tangu ufe, na majuzi ndiyo nimejua kwamba ulikuwa mwongo. Tena mwongo wa mchana kweupe, mbele ya wateja wangu waliojaa dawa ya nywele kichwani.

Nazungumzia filamu ile. Yule dada wa mjini anayeishi peke yake ghorofa ya tisa, anayegombana na friji lake, anayejinunulia keki ya siku ya kuzaliwa kisha anamdanganya muuzaji kwamba ni ya mume wake. Na yule fundi wa lifti anayempenda, mwanaume mzima anaogopa lifti! Tumeitazama mara ngapi pale saluni kwangu, Ngokolo, Jumamosi baada ya chakula cha mchana? Wewe juu ya kreti la soda pembeni ya televisheni, umepunguza sauti, unatutafsiria, maana Kiingereza kilikuwa chako peke yako, ulichokiokota ukipakua chakula kambini mgodini. Ukitia Kisukuma katikati, friji lilikuwa linajibu kama bibi wa Maswa. Mama Limi alicheka siku moja mpaka akasahau kuoshwa dawa, akatoka na kidonda utosini.

Nilijua kwa nini tunaipenda. Filamu nyingine tulizozoea, mwanamke anayeishi peke yake ama anaiba waume wa watu, ama ana jini, ama anasubiri kuombewa. Huyu alikuwa anaishi tu. Alikuwa anacheza na ufagio sebuleni kwake na hakuna mchungaji aliyemfuata.

Na ule mwisho. Fundi anapiga goti, dada anasema maneno marefu, na wewe ukatutafsiria: "Nakupenda sana, ila uje Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine niachie nyumba yangu." Saluni nzima ilipiga vigelegele. Mimi nilichukua maneno yale nikampelekea Masanja, anayesaga mawe ya dhahabu kwa mashine ya karasha huko Bulyanhulu, aliyekuwa anataka kuhamia kwangu. Nikamwambia hata Wazungu ndivyo wanavyofanya siku hizi. Akakuna kichwa, akakubali, na tumeishi hivyo miaka sita.

Sasa majuzi Neema, binti wa kaka yako, amerudi kutoka chuo. Akasema, "Anti Minza, ile filamu ya shangazi nimeipata kwenye simu, ina maandishi ya Kiswahili." Nikawaita wote waje waone. Tumefika mwisho, fundi amepiga goti, dada anafungua mdomo, na chini yake pameandikwa: "Nimechoka kuwa peke yangu. Nioe."

Kabula! Nilibaki nimeshika kitana hewani. Mama Limi akasema, "Mwee, kumbe!" halafu wakaanza kucheka, na safari hii walikuwa wananicheka mimi.

Nilikukasirikia siku mbili. Kisha hasira ikaisha, ikaja hofu, na hofu ndiyo mbaya zaidi. Nilijiuliza kama ulikuwa unajidanganya mwenyewe. Kama maisha yako yote uliyatafsiri hivyo hivyo, ukatupa sisi kicheko na ukabaki na yale maneno mengine. Nilikumbuka Krismasi ile uliyokuja na sufuria la wali ukasema umepika mwingi kwa bahati mbaya. Hakuna mtu anayepika kilo mbili za wali kwa bahati mbaya. Siku ile ulikuwa mpweke, na mimi nilikula nikanyamaza.

Lakini nilikumbuka na mengine. Posa ya yule mwalimu, mshenga amekaa kwenu Mwadui, baba yako anasema, "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe wa mahari ni wazuri," na wewe unamjibu, "Ni wazuri, baba, ila atakayelala na ng'ombe ni wewe, mimi nitalala na mwalimu." Hukuwa unajidanganya pale. Ulikuwa na miaka ishirini na nane na ulijua unachokikataa. Na posa ya pili uliikataa ukiwa na arobaini, ukiwa umeshaujua upweke vizuri kabisa. Basi nikasema potelea mbali. Hao wenye waume wanaokaa kwenye kiti changu wananisimulia upweke kila siku, na hakuna anayewaambia waache ndoa warudi makwao.

Masanja hakuchelewa kusikia. Ijumaa alikuja na bodaboda, godoro limefungwa nyuma, begi shingoni, saluni imejaa. Akasalimia watu wote kwa adabu, kisha akasema kwa sauti, "Minza, hata yule wa kwenye filamu aliolewa. Umebaki na kisingizio gani?"

Nikamwambia, "Yule hakuwa na Kabula."

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia sihitaji tena maneno ya filamu, nasema ya kwangu: "Nakupenda, godoro hilo lirudishe." Aliomba maji ya kunywa, akanywa amesimama, akaondoka. Jumatano hakuja. Nililia, Kabula, sitakuficha, nililia mpaka nikafunga saluni saa tisa. Jumamosi pia hakuja. Labda hatakuja tena. Mama Limi ananiambia nimpigie, nimwombe radhi, umri umekwenda. Sijapiga, na simu ninayo mkononi sasa hivi ninapokuandikia.

Jambo moja ndilo linaloniuma kuliko hilo. Siku ya mazishi, shangazi yako aliyesoma wasifu wako alisema, "Marehemu hakujaliwa mume wala mtoto," watu wakaguna kwa huruma, na mimi rafiki yako nikainama nikaguna nao. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, ningeweza kusimama. Nisamehe.

Pumzika, shosti. Ahadi yangu ni hii. Mwezi wa sita tukija kukuwekea msalaba, nitakishika kipaza sauti kabla shangazi yako hajakifikia. Nitawaambia ulipendwa, uliposwa mara mbili ukakataa mara mbili, ulikuwa na nyumba yako, ulituchekesha, ulitudanganya, na siku nyingine upweke ulikuuma na hukuuogopa. Halafu watageuka kuniangalia mimi, waniulize mume wangu yuko wapi. Nitakuwa nimesimama bado. Nitawajibu sina.

Wako,
Minza