Kundi la Julai

Ockbourne,
Mei 1926

Kwako Dada Keturah,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limeacha kukutabiria mvua. Mimi sijambo, meno yamebaki machache, ila ya kuchekea yapo. Nina ombi, na usirukie mwisho kulitafuta, maana hata mimi naliogopa.

Unamkumbuka Thirza, mjane wa mhunzi, jirani yangu? Julai iliyopita nyuki wake walihama. Akawafuata akigonga sufuria kwa ufunguo, maana kwetu anayefuata nyuki wake kwa kelele haulizwi kaingia bustani ya nani. Wakatua kwenye mtufaha wangu. Nami, kwa ulimi huu unaoujua, nikamsomea methali ya bibi yetu: kundi la nyuki la Mei lina thamani ya mkokoteni wa majani makavu, la Juni kijiko cha fedha, la Julai halifikii hata nzi mmoja. Nikamwambia awaache, wamechelewa, baridi itawamaliza. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Na wewe Jethro, kundi la Desemba, mbona hatujakutupa?"

Dada, nikaenda kuleta ngazi.

Tukawatia kwenye mzinga wangu mtupu, na majira yote ya baridi Thirza akawa anakuja na maji ya sukari ya kuwalisha. Kufikia Februari nyuki wameshiba, na yeye bado anakuja. Nikamuuliza kulikoni, akasema sufuria inayotazamwa haichemki, ndiyo maana amekuwa akitazama pembeni, akingoja nichemke mwenyewe.

Wiki hii nyuki wale wale wametoa kundi jipya. La Mei, mkokoteni mzima!

Sasa keti. Jana niligonga mzinga kwa ufunguo nikawapa habari, kama ipasavyo kwetu kwa msiba na kwa arusi, wasije wakasusa na kuhama. Si msiba, Dada. Namwoa Thirza.

Najua utanirushia ile yako, aoaye kwa haraka hujuta taratibu. Kwa miaka sabini na moja, haraka iko wapi? Na huo muda wa kujuta taratibu nitaupata wapi? Lakini arusi yangu ya kwanza ulisusa, na marehemu mke wangu Dorcas alikwenda kaburini na kidonda hicho. Thirza asikute kiti chako kitupu.

Padri atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Njoo ukae mbele, unyamaze. Thirza anakusalimu, sega la kwanza ni lako.

Nyuki wamesikia habari wala hawakuhama. Umebaki wewe.

Mdogo wako mkaidi,
Jethro